Mikoko iliyouawa kwa dawa vitani, inarudi kweli?

Mwana_Kigombe:
Wakuu, naomba kueleweshwa. Niko Kigombe, Tanga, kikundi chetu kinapanda mikoko. Kijana wetu mmoja katuambia Wamarekani walimwaga dawa huko Vietnam mpaka msitu wa mikoko karibu na Saigon ukabaki tope tupu, na leo msitu upo. Wazee wakamcheka. Ulijiotea wenyewe? Na sumu ilikwenda wapi?

Mtu_wa_Kaole:
Kijana yuko sahihi, shekhe. Panaitwa Can Gio. Wapiganaji walikuwa wakijificha mle na kuzishambulia meli zinazoingia Saigon, basi ndege zikanyunyiza dawa ya kupukutisha majani.

Wewe unaujua mchu, aina mojawapo ya mikoko: ukiukata, kisiki kinachipua. Mkoko wenyewe, huu wa mizizi ya kusimamia, ukishakatika ndiyo basi. Kule ulinyunyiziwa mara moja ukafa. Na mama zikifa zote, mbegu zielee kutoka wapi? Kwa hiyo walipanda watu. Kuanzia 1978 walileta mbegu kutoka Ca Mau, kusini kabisa, wakazichomeka topeni kwa mkono. Mwaka 2000 UNESCO wakauingiza kwenye hifadhi zao, mwaka uleule na Usambara Mashariki yetu.

Sumu ni habari nyingine. Dioksini, sumu iliyokuwa ndani ya dawa ile, haiyeyuki kwenye maji, inang'ang'ania udongo. Pabaya zaidi ni viwanja vya ndege yalikokaa mapipa ya dawa. Da Nang ilibidi udongo uchimbwe na kupashwa moto zaidi ya nyuzi 300, kazi ikaisha 2018. Bien Hoa bado wanahangaika.

Baharia_Mstaafu:
Msimpe matumaini ya bure. Can Gio walipanda karibu aina moja tupu. Huo ni msitu au shamba? Na hatuna haja ya kwenda Vietnam: hapa Tanga hakukuwa na vita, ila miamba tumeilipua kwa baruti za uvuvi. Zamia uone, kokoto tupu zinazoviringika na mkondo. Tumbawe changa litashika wapi?

Mtu_wa_Kaole:
Mzee wangu, shikamoo. Shamba, sawa, lakini kaa na kamba walirudi, na miti ya aina nyingine ikajiingiza yenyewe. Tope lilikuwepo na maji yalikuwa yanapwa na kujaa. Mwamba wa kokoto hauna bahati hiyo, hapo nakubali.

Mwana_Kigombe:
Shukrani, wakuu. Sisi nasi tumejaza mkoko mtupu kwa sababu mbegu zake ni rahisi kuokota. Mbele kabisa, panapopigwa na mawimbi, tuweke nini?

Baharia_Mstaafu:
Mlilana. Mkoko hapo utang'olewa wote.