Naomba ushauri: "approve", "authorise" au "sanction" katika mwongozo wa ofisi?

Mleta mada
Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Nimekabidhiwa kazi ya kuuandika kwa Kiingereza mwongozo wa manunuzi ambao rasimu yake ya Kiswahili imejaa neno "idhini": mkuu wa idara anatoa idhini, mhasibu anatoa idhini, na bodi nayo inatoa idhini. Kamusi inanipa "approve", "authorise", "sanction" na "endorse" kana kwamba yote ni mamoja. Je, ninaweza kuyatumia kwa kupokezana ili maandishi yasichoshe, au kila moja lina mahali pake?

Kalamu Nyeusi
Usiyapokezane kwa ajili ya kupamba, kwa sababu msomaji wa hati ya utaratibu akikutana na neno jipya hudhani kuna hatua mpya. "Approve" hutumika pale ambapo kitu kimekwisha kuandaliwa, tuseme bajeti, na mwenye mamlaka anakipitia na kukikubali. "Authorise" humpa mtu mamlaka ya kutenda. Kwa hiyo bodi ita-"approve" bajeti, kisha mkurugenzi ata-"authorise" mhasibu kulipa. Jihadhari pia na "approve of", ambayo maana yake ni kuliona jambo kuwa linafaa, na hilo hata mtu asiye na cheo chochote anaweza kulifanya bila malipo kutoka.

Msomaji wa Sheria
Naunga mkono, ila "sanction" ningeliacha kabisa. Kitenzi hicho chaweza kumaanisha kuidhinisha na pia kuadhibu, na likiwa katika wingi, "sanctions" ni vikwazo. Chanzo chake ni Kilatini, "sancire", yaani kuweka amri isiyopaswa kuvunjwa, ndiyo maana kibali na adhabu vimekaa chungu kimoja. "Endorse" nalo lina mtego: ni kuunga mkono hadharani, au kusaini nyuma ya hundi, lakini nchini Uingereza leseni ya udereva ikiwa "endorsed", mwenyewe ametiwa hatiani kwa kosa la barabarani, wala hajapongezwa.

Kuna neno ambalo hukulitaja na huenda ukalihitaji zaidi ya hayo: "ratify". Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu Sheria ya Mikataba unatenganisha saini na kuridhia, kwa kuwa pale ambapo mkataba unahitaji kuridhiwa, mjumbe husaini kwanza na dola hujifunga baadaye. Ikiwa mwongozo wako unairuhusu bodi kuthibitisha manunuzi ya dharura yaliyokwisha kufanywa, hapo andika "ratify", kwani "approve" itamfanya msomaji aamini kwamba bodi iliulizwa kabla.

Mleta mada
Nashukuru sana, kifungu cha dharura kimo, na ndicho kilichokuwa kikinisumbua. Vipi kuhusu kibali, leseni na ridhaa?

Mhariri Mstaafu
Kibali cha maandishi ni "permit", na ukikitamka kama nomino mkazo huwa kwenye silabi ya kwanza, ilhali kitenzi hukazwa kwenye ya pili. Leseni kwa tahajia ya Uingereza ni "licence" na kitenzi chake "license". Marekani huandika "license" kote. Ridhaa ni "consent", na hutolewa na yule ambaye jambo linamgusa, kama mgonjwa kabla ya upasuaji, hata kama hana mamlaka juu ya yeyote.

Kalamu Nyeusi
Nyongeza moja, Ndugu mleta mada: epuka "payment shall be approved" ikiwa imeishia hapo, maana sentensi hiyo haimtaji anayeidhinisha, na mkaguzi wa hesabu ataanza na swali hilohilo. Andika cheo chake mwanzoni mwa sentensi, kisha kitenzi.