Kodi ya gari ukiwa mgeni kwenye nchi ya watu: tupeane uzoefu

Corsa_ya_Leicester

Wakuu salaam. Naomba tupeane uzoefu kwenye hili la kodi ya gari kwa sisi tunaoishi nje, maana habari za visa na nyumba tunashauriana kila siku ila la gari kila mtu analijua siku limeshamkuta, na faini zake zinauma hasa ukiwa mgeni ndo kwanza unajipanga.

Naanza mimi. Niko Leicester, Uingereza, nafanya kazi ya kulea wazee na zamu zangu nyingi zinaisha muda ambao basi hakuna. Nikajinyima miezi 7 nikanunua Corsa ya 2012 kwa mama mmoja Coventry. Gari safi, mama wa watu mkweli, akanionyesha kwenye simu kabisa kwamba kodi ya gari ipo mpaka mwezi wa 9 na hapo tulikuwa mwezi wa 5, nikashukuru Mungu nikajua nina miezi minne ya kupumua, nikawasha nikarudi nalo nyumbani.

Kumbe huku kodi haihami na gari. Tangu tarehe 1 Oktoba 2014, siku ileile walipoondoa ile stika ya duara ya kwenye kioo, gari likiuzwa kodi yake inakufa hapohapo. Muuzaji akitoa taarifa anarudishiwa hela ya miezi kamili iliyobaki, na mnunuzi anatakiwa alipe ya kwake kabla hajaliingiza barabarani. Yule mama alitoa taarifa siku hiyohiyo kama mtu mwaminifu, kwahiyo mimi gari langu halikuwa na kodi tangu nilipotoka getini kwake. Wiki ya tano ikaja bahasha, faini paundi 80, ukiwahi kulipa inakuwa nusu. Niliisoma nimekaa kwenye ngazi na viatu vya kazini bado miguuni, nikairudia mara tatu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba dawa yake nilikuwa nayo. Kwenye kadi ya gari ya huku, V5C, kuna kile kipande cha kijani anachokatiwa mnunuzi, kina namba ya tarakimu 12. Ukiingia na ile namba kwenye tovuti ya serikali unalipa dakika tano tu, hata ukiwa bado umesimama kwa muuzaji. Mimi nilikikunja nikakitupia kwenye droo ya dashibodi pamoja na risiti ya mafuta, nikajua ni karatasi tu ya mauziano.

Nikajiuliza kwanini hata haikunijia kichwani. Ni kwasababu nyumbani Tanzania tulishasahau hicho kitu. Rodi laisensi ilifutwa kwenye bajeti ya 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kila lita, unalipa pale sheli bila kujua kama unalipa. Sasa mtu katoka kwenye mazoea hayo anafika nchi ambayo kila gari linadaiwa kwa jina la mtu na tarehe yake, asipoambiwa na mwenzake atajulia wapi?

Na niseme kitu kimoja maana kuna wageni wanaogopa: kwenye kulipa hawakuulizi visa wala uraia wala leseni ya huku. Wanataka namba ya kwenye karatasi, na gari liwe na MOT, yaani cheti cha ukaguzi, kama limeshafika umri wa kukaguliwa (miaka 3, Ireland ya Kaskazini 4). Mwenye shida ya kadi ya benki anaweza kulipia posta. Mimi sasa nakatwa kila mwezi, inaongezeka asilimia 5 kuliko kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, ila kwa mshahara wangu ndo inayowezekana.

Leteni na zenu, za nchi yoyote.

NyotaYaNakuru

Asante sana kwa kuanzisha hii. Mimi ni Mkenya niko Manchester, yangu ilitokana na kuhama nyumba. Nilikuwa nimelipa mwaka mzima vizuri kabisa, mwaka ukaisha, na ile barua ya kukumbusha yenye namba ya tarakimu 16 ikatumwa kwa nyumba ya zamani juu sikuwa nimebadilisha anwani kwa logbuku, hiyo V5C. Leseni nilikuwa nimebadilisha nikajua hiyo imetosha. Kumbe hizo ni rekodi mbili tofauti, ukibadilisha moja ingine inabaki vile ilikuwa, na zote kubadilisha ni bure.

Asubuhi moja mvua inanyesha natoka na watoto wa shule, naona chuma ya manjano kwa gurudumu la mbele na karatasi imebandikwa kwa dirisha la dereva. Kale kadogo kakaniuliza, mami, gari ni mgonjwa? Sikuwa na jibu. Tulitembea kwa miguu na nikafika kazi kama nimechelewa saa nzima.

Hesabu ilikuwa hivi: paundi 100 ya kufungua, na kwa sababu wakati huo kodi ilikuwa bado haijalipwa unaweka dhamana paundi 160 juu yake, hiyo dhamana wanakurudishia ukionyesha umelipa kodi ndani ya siku 15. Na usikae nayo, ikipita siku moja wanaivuta, kuitoa inakuwa paundi 200 na 21 kila siku ya kuihifadhi. Nilikopa kwa chama yetu ya kina mama siku hiyohiyo nikalipa. Mungu awabariki hao wamama, walituma pesa kabla hata sijamaliza kueleza.

Hata sisi Kenya hatuna hayo mazoea. Mnakumbuka 2024 ile asilimia 2.5 ya bei ya gari iliyokuwa kwa mswada wa fedha, iliondolewa hata kabla mswada wenyewe haujaanguka. Kwa hivyo ukifika huku hakuna mtu wa nyumbani wa kukukumbusha, mamako atakuuliza kama umekula, hatakuuliza kama umelipia gari.

Bukoba_to_Leeds

Poleni sana ndugu zangu. Mimi nina swali hapohapo. Mwezi ujao naenda nyumbani miezi mitatu, mzee anaumwa. Gari nitaliacha nje ya nyumba, ni mtaani tu sina gereji. Nikisitisha kodi hiyo miezi mitatu si naokoa hela kidogo?

Corsa_ya_Leicester

@Bukoba_to_Leeds pole na mzee, Mungu amponye. Hapo kuwa makini sana. Kuna kitu kinaitwa SORN, unatangaza gari haliko barabarani, kodi inasimama na hela ya miezi kamili iliyobaki wanarudisha. Lakini sharti lake gari liwe sehemu binafsi, kwenye uwanja wa nyumba au gereji. Mtaani ni barabara ya umma hata kama halitembei hata inchi, likionekana pale na SORN ni kosa na faini yake ni kubwa kuliko hiyo ya kwangu. Kama huna pa kuliweka bora uache kodi iendelee na bima iendelee, ama umuombe mtu mwenye uwanja. Na angalia tarehe ya MOT kabla hujapanda ndege, kodi ikiisha ukiwa Bukoba unaweza kuilipa kwa simu ukiwa hukohuko ila kama MOT imekufa mtandao unakukatalia, na hakuna wa kukupelekea gari ukaguzi.

Bukoba_to_Leeds

Dah asante mkuu, nilikuwa naenda kufanya kosa kabisa. MOT yangu inaisha wiki mbili baada ya kusafiri. Kesho napiga simu gereji.

MwanaWete

Assalaam alaykum. Mie nipo Maskati mwaka wa 11 huu, kwetu Pemba. Huku hatusemi kodi, twasema kufanya upya mulkiya, yaani ile kadi ya gari, na mambo yote yanakutana hapo. Bima iwe hai, gari ikishapita miaka 10 iende fahas, yaani ukaguzi, kila mwaka, na mukhalafa zote ziwe zimelipwa. Hizo mukhalafa, yaani faini za barabarani, ndizo zilizonisomesha.

Nilimuazima gari shemegi yangu, alikuwa ana kazi Sohar, anakwenda anarudi kila wiki. Njia ile nzuri imenyooka na kamera zimejaa. Mwenyewe alikuwa hajui kama anapigwa picha, na mie sikuwa na ada ya kuangalia. Siku ya kufanya upya mulkiya ndo naona imeandikwa riyali 95, moja moja zimepangana na tarehe zake na saa zake, nyingi alfajiri alipokuwa akiwahi kazini. Haziulizi nani alikuwa akiendesha, zinakuja kwa mwenye gari. Shemegi alinilipa nusu mwisho wa mwezi na nusu nikamsamehe, maana ni mtu wa familia na hakukusudia.

Tangu siku ile naangalia kwenye programu ya polisi kwenye simu kila Ijumaa baada ya sala. Na wenzangu wageni, mambo ya gari msiyaache mpaka wiki ambayo na kadi ya ukaazi inakwisha, maana ukaazi ukiwa umekwisha mengine yote yanasimama nao.

Fundi_wa_Deira

Dubai hapa. Bima ya huku inaandikwa miezi 13 kwasababu mulkiya ikiisha una mwezi mmoja wa kujipanga, watu wengi wanajua hilo. Wasilolijua ni tairi. Mimi nilipeleka gari pasing, yaani ukaguzi, breki safi, taa safi, tairi zina kashata nzuri tu, likafeli. Jamaa akainama akaniwekea kidole kwenye ubavu wa tairi, kuna kikasha kidogo kina namba nne, yangu ilikuwa 2316. Yaani wiki ya 23 ya mwaka 2016, na mwisho wao ni miaka mitano. Nilikuwa nimeuziwa tairi zilizolala stoo na mimi fundi mwenyewe sikuangalia. Seti nzima nikanunua upya siku ileile. Nendeni mkaangalie za kwenu sasa hivi.

Dada_Shamba

Jamani tahadhari kwa walio Uingereza. Mimi nilipata meseji inasema malipo ya kodi ya gari lako yamefeli, bonyeza hapa uweke taarifa za benki. Ilikuwa wiki ambayo kweli nilikuwa nasubiri kukatwa kwahiyo nikaiamini, nikafungua nikaandika jina na namba ya gari, ilipofika kwenye namba za nyuma ya kadi mume wangu akanishika mkono. DVLA, idara ya serikali ya magari na leseni, hawaombi taarifa za benki kwa meseji wala imeili. Wewe ingia mwenyewe gov.uk, uandike namba ya gari, inakuonyesha kodi na MOT vinaisha lini na ni bure. Hata kabla ya kununua gari la mtu angalia hapohapo.

Kariakoo_Nagoya

Nimesoma zote nimeona Japani haijaguswa na sisi tupo. Nina miaka 9 huku, nafanya kwenye yadi ya magari yanayokwenda Dar na Mombasa, kwahiyo hili nalijua kwa pande mbili.

Mwaka wa kwanza nilinunua Vitz ya kutembelea. Mwezi wa 5 ikaja bahasha, kanji tupu, yale maandishi ya Kijapani, ndani kuna karatasi ndefu yenye mistari ya bakodi. Nikajua tangazo, nikaiweka juu ya friji. Ikaja nyingine mwezi wa 7 ina rangi nyekundu pembeni, nayo nikaiweka juu ya friji. Aliyeniokoa ni bibi jirani, mzee wa miaka kama 80, alikuja kuniletea viazi akaziona, akashika ile karatasi akanivuta mkono mpaka duka la kona linalokesha, akamkabidhi muuzaji, muuzaji akapiga bakodi pii, akaniambia bei, nikatoa hela, akagonga muhuri. Basi imeisha. Yule bibi akanionyesha kwa vidole kwamba kile kipande chenye muhuri nitunze. Kodi kama haijalipwa shaken, yaani ukaguzi wa huku, haipiti, na bila shaken gari haligusi barabara.

Sheria yake ni kwamba jina likiwa la kwako tarehe 1 Aprili unadaiwa mwaka mzima, hata ukiuza tarehe 2, na sehemu nyingi mwisho wa kulipa ni 31 Mei. Gari la cc 1,500 lililosajiliwa kabla ya Oktoba 2019 ni yen 34,500. Sasa sikilizeni hapa, la petroli likipita miaka 13 inapanda mpaka yen 39,600, dizeli linapandishiwa baada ya miaka 11. Ukijumlisha na shaken ya kila miaka miwili, mwenye gari anaona bora aliachie hata kama injini bado inaimba. Ndo moja ya sababu yanatufikia yadi yakiwa mazima vile, hizo IST mnazoziona Dar nyingi zimepita hapo.

Na kuna hela watu wanaiacha mezani. Gari ukilifuta usajili katikati ya mwaka ili lisafirishwe, kodi ya miezi iliyobaki inarudishwa kwa aliyelipa. Vigari vidogo vya cc 660 ndo havina hiyo. Nimekutana na vijana wetu zaidi ya mmoja ambao walinunua gari, wakalitumia, wakalituma nyumbani, na ile hela hawajawahi kuifuata kwasababu barua ya kurejeshewa nayo ilikuja kwa kanji ikaishia juu ya friji.

NyotaYaNakuru

@Kariakoo_Nagoya huyo bibi wa viazi bado yuko?

Kariakoo_Nagoya

Yupo. Kila Mei nikipata karatasi nampitia na yake tunaenda kulipa pamoja, sasa yeye miguu inamsumbua kwahiyo mimi ndo namshika mkono.

Bukoba_to_Leeds

Nimerudi kutoa mrejesho. MOT nimepata Alhamisi, na rafiki wa kanisani kanipa nafasi kwenye uwanja wake kwahiyo SORN naiwasilisha siku nitakayolipeleka gari kwake. Nimeingia pia kwenye logbuku yangu, anwani ilikuwa ya nyumba niliyohama 2022. Nimebadilisha jana usiku.