Mjadala: Je, jivu la taka litumike kujengea nyumba za watu?

Mleta mada

Waungwana, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu. Kiwanda cha Reppie cha Addis Ababa kilizinduliwa Agosti 2018 kwenye jaa la Koshe, ambako mwaka mmoja kabla maporomoko ya taka yaliua watu zaidi ya 110. Kilijengwa kiweze kuchoma tani 1,400 za taka kwa siku. Lakini taka hazitoweki kwa kuchomwa: kwa kawaida asilimia 20 hadi 25 ya uzito wake hubaki kuwa jivu, yaani, tanuri likifanya kazi kwa uwezo wake wote, tani 280 au zaidi kila siku.

Naona ni makosa kulirudisha jivu hilo jaani. Lisagwe, lichanganywe na vioo vikuukuu vilivyopondwa pamoja na kiumulio kidogo, kama unga wa chokaa, kisha lichomwe kwa nyuzijoto 800 hadi 1,000. Kioo kikilainika, gesi ya kiumulio hukiumua kama hamira inavyoumua maandazi, na kadiri kinavyopoa taratibu, fuwele huota ndani yake. Hupatikana tofali jepesi la kauri ya kioo lenye vitundu, lisiloshika moto na linalozuia baridi, jambo lenye maana katika mji ulio zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Metali nzito zenye sumu zilizomo katika jivu, kama risasi na kadimi, nazo hufungwa ndani ya kioo.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, maneno haya si mageni. Mwaka 1988 meli ilishusha takriban tani 15,000 za shehena katika kisiwa cha Kassa, Guinea, na nyaraka zikaiita malighafi ya matofali. Mimea iliponyauka ndipo ikabainika kuwa ni jivu la taka za Philadelphia, Marekani, na serikali ikaamuru liondolewe. Wazungu nao hawakusalimika: huko Byker, Newcastle, Uingereza, jivu la tanuri la taka lilitandazwa miaka ya 1990 kwenye vijia vya bustani za mboga za wakazi, likaja kukutwa na daioksini, yaani kemikali zenye sumu kali, na metali nzito. Atakayelipima tofali lako ni nani, na atalipima mara ngapi?

Mleta mada

Swali la upimaji ni la haki. Hata hivyo, jivu la Kassa na la Byker lilikuwa bichi, halikuwa limeyeyushwa wala kufungwa katika kioo. Hatuukatai mkate kwa sababu unga mbichi unaumiza tumbo.

Mchangiaji wa pili

Naomba niingilie, kwa kuwa ninyi nyote mnazungumza kana kwamba jivu ni moja. Liko zito linalobaki chini ya tanuri, ambalo ndilo jingi, na liko laini linalonaswa na vichujio vya moshi. Hili la pili ndilo lenye risasi, kadimi, daioksini na chumvi nyingi. Usipoliosha kwanza, chumvi hizo huharibu kioo. Ukiliosha, unabaki na maji machafu ya kushughulikia. Katika moto mkali sehemu ya risasi na kadimi hugeuka mvuke, ikakulazimu kuinasa upya. Kisha kuna vitundu vyenyewe, ambavyo mleta mada amevisifu bila kuvichunguza: vikiwa vimefungika, maji hayapiti, vikiwa vimeungana, mvua huingia hadi kati ya tofali na kugusa eneo kubwa kuliko katika kioo kigumu cha kawaida.

Mleta mada

Nimekubali. Jivu la vichujio naliondoa katika hoja yangu. La chini nalibakiza, kwa masharti kwamba kila mkupuo wa matofali upimwe kwa kulowekwa majini, ionekane kama sumu inavuja, kabla ya kuuzwa, na kwamba gharama ya upimaji ibebwe na kiwanda.

Mchangiaji wa kwanza

Hapo tumesogea. Limebaki moja: ukuta huo ukibomolewa baada ya miaka 40 na kifusi chake kikapondwa kuwa kokoto, masharti hayo yatamfunga nani?