Naombeni ushauri: jioni moja tu San Francisco, niende baa gani ya tiki?

Binti_wa_Umoja
Wadau, hamjambo. Mwezi ujao kazi inanipeleka San Francisco kwa mafunzo, na nikitazama ratiba naona jioni moja tu iliyo yangu. Kwa muda mrefu nimetamani kuziona baa za tiki, zile za mianzi, makuti, vinyago vya mbao na ramu iliyokamuliwa ndimu. Nimekwama kati ya Smuggler's Cove na Tonga Room. Nitakuwa peke yangu, na pombe kali sijaizoea. Hapa Nairobi nikitoka na wenzangu, dawa moja, ile vodka ya ndimu na asali, pale mkahawa wa Carnivore inanitosha. Walioenda, nishaurini.

Msafiri_Buru
Dada, nenda Tonga Room. Iko ndani ya hoteli ya Fairmont, juu mlimani Nob Hill. Zamani lilikuwa bwawa la kuogelea la hoteli, na mwaka 1945 wakaligeuza. Maji bado yapo katikati, bendi hupiga ikiwa juu ya mashua inayoelea, na kila baada ya muda ngurumo zinasikika na mvua inaanza kunyesha humo ndani. Mtu aliye peke yake hachoki kutazama. Bendi inapopiga unaweza kutozwa kiingilio, kwa hiyo ulizia mapema. Tramu ya kebo ya California Street inapita karibu.

Shangazi_Ngong
Mwanangu, beba pasipoti yenyewe. Kule umri wa kunywa ni miaka 21, si 18 kama kwetu, na mlangoni wanakagua hata mtu mzima. Mimi kuna baa moja ilinikatalia nakala niliyopigia picha kwenye simu, nikarudi hotelini na kiu yangu. Pia usinywe siku ile ile unayotua. San Francisco iko nyuma yetu kwa saa 10 au 11 kutegemea msimu, na kwao ikiwa jioni, mwili wako unajua ni alfajiri.

Kaunta_Westlands
Kazi yangu ni kuchanganya vinywaji, kwa hiyo naongea kama mtu wa kaunta: kama unafuata kinywaji, nenda Smuggler's Cove, Gough Street. Martin Cate aliifungua mwaka 2009. Ni ndogo, imepangwa ghorofa juu ya ghorofa kama tumbo la meli, na ina mamia ya aina za ramu. Udogo huo ndio huleta foleni, kwa hiyo uwe mlangoni wanapofungua, usingoje usiku. Ukiwahi utapata kiti cha kaunta, na hapo mhudumu ana nafasi ya kukueleza anachomimina. Kwa anayesafiri peke yake, hicho ndicho kiti bora.

Sasa kuhusu ukali. Mtindo huu wa tiki aliuanzisha Donn Beach, mwenye baa kule Hollywood, miaka ya 1930, na ujuzi wake ulikuwa kuchanganya ramu mbili tatu tofauti na ndimu, sukari na viungo hadi ulimi usitambue nguvu iliyomo. Kinywaji chake kiitwacho Zombie alikiwekea kikomo, viwili kwa mteja. Wewe uliyezoea dawa usikiguse kabisa. Anza na Mai Tai, ambayo Victor Bergeron wa mkahawa wa Trader Vic's aliitengeneza Oakland, ng'ambo ya ghuba, mwaka 1944. Kunywa polepole, agiza maji kando, na kula kwanza.

Pesa: bei ya kwenye menyu haijajumlisha kodi, tofauti na hapa kwetu. Ongeza kodi, kisha bakshishi ya asilimia 20 hivi. Wahudumu wa kule wanaitegemea, usiwanyime.

Mwalimu_Kasarani
Naomba niongeze jambo. Tiki kwa Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, ni jina la mwanadamu wa kwanza, na sanamu hizo zina heshima yake kote Polinesia, yaani visiwa vya Pasifiki. Baa hizi zilibuniwa na Wamarekani, na wapo watu wa visiwa vile wanaoumia kuona mababu zao wakigeuzwa vikombe vya kunywea pombe. Hebu fikiria shanga za Kimaasai zikivalishwa chupa za bia. Sikukatazi kwenda, dada. Nenda ukijua unachokitazama.

Binti_wa_Umoja
Asanteni sana nyote. Mwalimu, hilo sikulijua, na nitalisoma zaidi kabla ya safari. Nimechagua Smuggler's Cove, kwa sababu ya kile kiti cha kaunta. Kaunta_Westlands, lozi na korosho hunivimbisha midomo. Kuna shida?

Kaunta_Westlands
Kubwa! Heri umeuliza. Mai Tai ina sharubati ya lozi, iache. Sharubati nyingine iitwayo falernum nayo mara nyingi hutiwa lozi. Mwambie mhudumu kabla hujaagiza chochote, na umwombe aoshe vyombo vya kuchanganyia, maana mabaki yanatosha kukudhuru. Agiza Daiquiri: ramu, ndimu na sukari, basi. Na dawa zako za mzio zikae mkobani, si hotelini.

Shangazi_Ngong
Na umwachie mwenzako wa mafunzo jina la baa unayokwenda.