Valvu ya zimamoto imefungwa kwa mnyororo ili dari isivuje, na wapangaji hatukuambiwa kitu

Wakuu, naandika nimekaa juu ya belo la vitenge lililolowa, dera nimelipandisha magotini na hasira zimenifika kooni. Wanaonijua wanajua mimi si mtu wa kelele. Leo mnivumilie, uzi ni mrefu.

Nina stoo ghorofa ya tatu kwenye jengo moja Kariakoo. Silitaji, mkataba wangu bado na sitaki kesi. Kila mwezi nalipa kodi, na juu yake sevisi chaji ya shilingi 180,000. Kwenye risiti wanaandika: ulinzi, usafi, lifti, mfumo wa zimamoto. Hayo maneno ya mwisho yashikeni.

Februari niliona doa la kahawia kwenye jipsamu ya dari. Nikamwita meneja wa jengo. Akatazama juu kama sekunde mbili. "Dada yangu, hilo ni jasho la AC."

Stoo yangu haina AC. Nina feni la mezani, tena la mtumba.

Doa likakua, likaanza kudondosha maji ya rangi ya chai kavu. Hapo ndipo wakaleta fundi. Akabandua jipsamu, tukaliona bomba la sprinkla, vile vinyunyizio vya darini vya kuzima moto: jekundu, linang'aa, na kitundu kidogo kama kimetobolewa kwa pini ya hijabu. Akamwaga maji ya mfumo, akazungushia mpira na klampu, akajaza maji upya kutoka kwenye tenki, kabla ya adhuhuri ameshaondoka. Machi likavuja nusu mita pembeni. Aprili, sehemu mbili. Kila mara ni wimbo uleule: mwaga, funga klampu, jaza. Mpaka Mei bomba moja la mita sita lilikuwa na klampu tano, kama mgonjwa wa ajali.

Mwisho wakakata kipande wakakitupa koridoni. Nikakiokota nikampelekea mjomba wangu, ambaye amefunga mabomba ya sprinkla kwenye maghala ya Barabara ya Nyerere tangu mimi niko shule ya msingi. Wakuu, laiti mngekiona kile kipande. Nje rangi safi kama kucha za bibi harusi. Ndani kumejaa vinundu vya kutu, vingine vimeinuka kama vichuguu vya mchwa. Mjomba akakigonga kimoja kwa bisibisi, kikabanduka kama gamba la kidonda. Chini yake shimo. Akasukuma ncha ya bisibisi, ikatokea upande wa pili bila kutumia nguvu. Halafu akanionyesha sentimita mbili tu kutoka hapo: chuma kizima, kana kwamba kimetoka dukani jana.

"Ndiyo maana ukilipima bomba hili sehemu moja ukaondoka, umejidanganya," akasema. "Kutu hii hailambi bomba lote, inachimba."

Nikamuuliza, mjomba, si maji yamekaa humo miaka yote, kwa nini lioze sasa? Akacheka. Akasema maji yaliyotulia si adui mkubwa. Maji mapya yanaingia na oksijeni kidogo, kama miligramu 8 kwa lita, chuma kinaila, baada ya muda inaisha na kutu inapoa. Yale maji meusi yanayonuka, ambayo sisi tukiyaona tunaziba pua na kuomba yamwagwe, oksijeni yake imeshaliwa. Adui ni hewa. Kila ukimwaga na kujaza upya, hewa inabanwa kule juu na kwenye ncha za mabomba, haina pa kutokea. Oksijeni ni kama asilimia 21 ya hewa hiyo, na kwa shinikizo la pampu inaendelea kuyeyuka kwenye maji kidogo kidogo. Pale uso wa maji unapokutana na hewa ndipo bomba linapoliwa. Nikarudi stoo nikaangalia klampu zangu. Zote tano zimejipanga mstari mmoja, upande wa juu wa bomba.

Kwa hiyo lile "tengenezo" la kila mwezi ndilo lililokuwa linalisha kutu! Nimelipia sevisi chaji waniozeshee bomba.

Na maji yenyewe ni ya kisima. Nyie wa Dar mnavijua visima vyetu vya mjini, unaoga sabuni haitoi povu. Chumvi inaharakisha kutu, joto nalo linaongeza mwendo, na maji yasiyotibiwa yanaweza kubeba bakteria wanaojijengea makazi chini ya vile vinundu na kuongeza uharibifu. Mjomba hakutaka kuwasingizia bakteria moja kwa moja. Alisema mafundi wengi hukimbilia kuwataja kwa sababu bakteria hawajitetei. Maji yapimwe maabara kwanza, ndipo waseme.

Kuna jambo jingine mimi sikulijua. Bomba la inchi mbili la aina nene lina ukuta wa milimita 3.91. Lile jembamba ambalo wajenzi wanalipenda kwa bei lina 2.77. Letu ni jembamba. Tumeanza safari na mkate uliokatwa mwembamba.

Sasa njooni kwenye sababu hasa ya uzi huu.

Juni dari ikaacha kuvuja. Nikashukuru Mungu, nikampa hata fundi hela ya soda. Wiki iliyopita nimeshuka chini kuangalia mita ya LUKU, mlango wa chumba cha pampu uko wazi, nikachungulia. Geji ya shinikizo iko sifuri. Valvu kuu ya sprinkla imefungwa, imezungushiwa mnyororo, na kufuli juu. Nikamuuliza mlinzi. "Meneja ndiye aliagiza, mama. Mpaka fundi mzuri apatikane."

Wiki tatu! Jengo limejaa vitenge, magodoro, vyombo vya plastiki, maboksi mpaka kwenye ngazi, na hakuna tone la maji kwenye mabomba. Vichwa vya sprinkla viko darini kama mapambo. Kile kichupa chekundu cha kioo kinachozuia maji kwenye kichwa, na kinachopasuka kwenye nyuzi joto 68, kitapasuka vizuri tu, halafu kitoke nini? Upepo? Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua usiku, sote tuliona. Mtu mzima aliyeona ule moto anafungaje maji kimya kimya?

Sikatai, kuna wakati lazima ufunge ili utengeneze. Lakini kufunga nako kuna utaratibu. Kiwango cha Marekani cha NFPA 25, cha ukaguzi na matunzo ya mifumo ya kuzima moto kwa maji, ambacho mjomba anasema ndicho walichokuwa wakifuata kwenye kazi zao, kinataka kibandiko kwenye valvu, wahusika na zimamoto wapewe taarifa, na mfumo ukikaa nje ya kazi zaidi ya saa 10 ndani ya saa 24, zichukuliwe hatua kama kuweka watu wa kuzunguka jengo wakiangalia moto, au kuwatoa watu. Kiwango hichohicho kinataka mabomba yafunguliwe na kuangaliwa ndani kila baada ya miaka 5. Jengo letu lina miaka 9. Nimeomba nionyeshwe karatasi ya ukaguzi wa ndani, nimeonyeshwa risiti ya rangi nyekundu.

Nilipiga kelele kwenye grupu la wapangaji. Leo asubuhi wakafungua valvu kwa pupa ili tunyamaze. Maji yakaja kwa kishindo, klampu mbili zikaruka, na mimi ndiye niliyekuwa chini yake. Belo nne za vitenge zimeoga maji ya kutu. Mwenye biashara hii anajua, kutu kwenye kitenge haitoki, hiyo unauza kwa bei ya matambara. Kufikia saa 6 mchana walishafunga tena, na mnyororo umerudi palepale.

Ninachotaka si miujiza. Waje na kipima unene cha mawimbi ya sauti, ni kama utrasaundi ya mjamzito, wapime sehemu nyingi bila kukata bomba, hasa za juu na za mwisho. Waingize kamera ya waya waone vinundu viko wapi, maana vikimeguka siku ya moto vinakwenda kuziba tundu la kichwa cha sprinkla lenye upana wa nusu inchi tu. Mabomba yaliyoliwa yatolewe, yasifungwe bandeji. Kwenye sehemu za juu waweke valvu ya kutoa hewa yenyewe. Mjomba anasema pia kuna wanaojaza naitrojeni kwanza kufukuza hewa, ndipo wanaingiza maji, na hilo si jambo la anga za juu, mitungi ya naitrojeni inauzwa hapahapa mjini.

Wakuu, kuna mtu hapa amewahi kufanyiwa kipimo hicho cha unene kwenye jengo lake Dar? Ilimgharimu nani, mwenye jengo au wapangaji? Na je, kuna aliyewahi kudai fidia ya mzigo uliolowa kwa namna hii akalipwa? Njooni PM kama hamtaki kuandika hapa.

NYONGEZA, saa 3 usiku: Meneja amenipigia. Anasema kesho asubuhi fundi anakuja na klampu nne mpya, "imara kuliko zile." Nimemuuliza kuhusu mnyororo. Amenijibu, "Hilo tutaliangalia, dada yangu, wewe kwanza anika vitenge."