Dende wa binti yangu yuko kwenye dawa na amekataa kula. Niendelee ao nisimamishe?

Mama_wa_Nguba
Jambo yenu wote. Ni saa nne usiku, umeme umekatika na simu iko karibu kuzima, basi mnisamehe nikiruka mambo.

Tuko na dende wawili hapa Bukavu, wote majike. Wengine mnawaita simbilisi, shuleni wanasema kobayi. Si wa kula. Mjomba alimletea binti yangu wa miaka tisa kutoka Walungu mwaka jana, na mtoto akawapa majina: mweusi ni Makala, mweupe ni Chumvi.

Alhamisi Makala alianza kupiga chafya. Ijumaa ute ukatoka puani, jicho moja likashikana, na asubuhi sikusikia ile filimbi yake. Kila siku nikigusa tu mfuko wa majani anapiga kelele hadi jirani anasikia. Jumamosi nikamtia ndani ya kikapu, nikapanda moto (pikipiki) hadi kwa veterineri. Yule wa moto akaniuliza naenda kumuuza bei gani.

Docta alimsikiliza kifua, akasema ni mapafu. Ametupa enrofloksasini, ile dawa ya kuku ya asilimia 10, lakini yeye mwenyewe ameipunguza hadi asilimia 2. Mililita 0.3 asubuhi na 0.3 jioni, siku 10. Akasema "na umulishe", akaita mtu wa mbuzi aliyekuwa nyuma yangu. Basi.

Leo ni siku ya tatu. Tangu jana jioni Makala hajatia kitu mdomoni. Mavi yake yamekuwa madogo, makavu, kama mbegu. Nimempima kwenye mizani ya unga: gramu 590. Mwezi uliopita alikuwa 680.

Mume wangu anasema ni dawa inamuondolea hamu, niache. Jirani ameniletea kapsuli ya amoksisilini, anasema ndiyo ilimponya mtoto wake kifua. Nifanye nini? Mtoto amelala na kikapu kando ya kitanda.

Mwana_Kadutu
Mama, pole. Lakini kwa zile dola umelipa docta na moto, si ungepata dende wengine watano hapa sokoni Kadutu, na mmoja tukamkaanga?

Yaya_Essence
@Mwana_Kadutu wewe kila uzi ni tumbo tu. Mama, mimi wangu alikuwa na mafua hivyo hivyo, nilimpa tetrasiklini ya kuku ndani ya maji, akapona. Jaribu.

Vet_wa_Kesho
Mama wa Nguba, kama hujampa ile kapsuli, USIMPE. Itoe ndani ya nyumba kabisa, mtu asije akakusaidia usiku ukiwa umelala.

Niko mwaka wa mwisho wa udaktari wa mifugo, sijawa docta, lakini hili tulifundishwa mapema. Tumbo la dende ni kiwanda cha vijidudu. Vile vizuri ndivyo vinamsagia majani. Penisilini, ampisilini, amoksisilini, eritromisini, klindamisini, hizo zinaua vijidudu vizuri na kuacha uwanja kwa vibaya, ambavyo vinatoa sumu. Dende anaharisha, anapoa mwili, na siku chache baadaye amekufa. Watu wanasema alikufa na mafua. Hapana, alikufa na dawa.

@Yaya_Essence tetrasiklini nayo haiaminiki kwa hawa wanyama. Wako alikuwa na bahati.

Enrofloksasini ni mojawapo ya zile chache ambazo dende anazivumilia vizuri. Ndiyo, inaweza kupunguza hamu ya kula kidogo. Lakini ukiisimamisha siku ya tatu, mapafu yanarudia na vijidudu vilivyobaki ni vile vigumu. Endelea. Ila kesho mpigie docta umwambie hali, usiamue na mimi wala na mume wako.

Sasa tatizo kubwa. Ni uzito, tuhesabu: kutoka 680 hadi 590 ni gramu 90, zaidi ya asilimia 13. Ikipita 10 si jambo la kungoja. Na tumbo la dende halijui kufunga. Akikaa bila kula saa 12 hadi 24 utumbo unaanza kusimama, gesi inajaa, maumivu, basi anakataa kula zaidi. Hayo mavi kama mbegu ndiyo alama. Usingoje asubuhi. Uko na seringi nyumbani?

Mama_wa_Nguba
Niko na mbili za mililita 5, zilibaki za mtoto. Kapsuli nimeirudisha kwa jirani, amekasirika kidogo. Chakula ni majani tu na kile cha sungura cha vipunje, nusu kilo imebaki.

Vet_wa_Kesho
Vizuri sana. Toa sindano, utumie bomba peke yake. Vipunje vitwange hadi viwe unga, loweka ndani ya maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, ngoja dakika kumi, chuja yale mabaki makubwa. Uwe uji mwepesi wa kupita kwenye seringi.

Usimlaze chali kama mtoto mchanga! Uji utaingia mapafuni ambayo tayari ni magonjwa. Mfunge na taulo, miguu chini, akae juu ya mapaja yako kama kawaida yake. Seringi ipite pembeni, nyuma ya yale meno ya mbele, pale ambapo hakuna jino. Sukuma nusu mililita. Ngoja. Atafune, ameze, ndipo usukume tena. Asipotafuna, usisukume.

Kwa uzito wake anahitaji kama mililita 30 hadi 45 kwa siku nzima. Gawa mara sita, yaani 5 hadi 8 kila saa nne, hata usiku. Leo usiku anza na kidogo, hata 3.

Shangazi_Kabare
Mwanangu, mimi nimefuga dende tangu utoto, sisi walitufundisha kuwafuga chini jikoni, wanazunguka miguuni tunapopika. Nikuulize: wako wanalala wapi? Kwa sababu kwetu waliokuwa wanakohoa ni wale wa karibu na mashiga. Moshi. Mama yangu alikuwa anasema dende anapenda joto, lakini joto la mashiga lina moshi wake.

Mama_wa_Nguba
Shangazi, umenishika. Wanalala jikoni, ndani ya sanduku la mbao kando ya mbabula, jiko la mkaa. Tulidhani tunawasaidia na baridi ya ziwa. Na juu ya sanduku lao kuna sungura watatu wa kaka yangu, wamekuja wiki mbili zilizopita.

Vet_wa_Kesho
Aksanti Shangazi, hilo swali ningeuliza mimi, umenitangulia.

Mama, mambo mawili hapo. Mkaa wa mbabula ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu hata moshi usipoonekana, na mapafu ya dende ni madogo sana. Watoe jikoni usiku huu. Kama ni baridi, chukua chupa ya maji ya moto, izungushie kitambaa, iweke upande mmoja wa sanduku ili mwenye kutaka aisogelee na asiyetaka aikimbie. Joto la nyuzi 18 hadi 24 linamtosha.

La pili ni sungura. Kuna kijidudu kinaitwa Bordetella, sungura anakaa nacho puani mara nyingi bila kuugua, kikimfikia dende kinampa nimonia. Mbwa pia anakibeba. Sisemi ndicho hicho, hakuna aliyempima. Lakini sungura na dende wasilale chumba kimoja tena.

Mwana_Kadutu
Sasa mimi nacheka kidogo. Niko na sungura na dende ndani ya banda moja miaka miwili. Na nikitaka kumla huyu Makala akipona, dawa haitanidhuru?

Vet_wa_Kesho
Papa, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Mnyama aliye kwenye antibiotiki haliwi, na akimaliza dawa docta ndiye anasema siku ngapi za kungoja. Watu wengi Bukavu hawaulizi. Lakini Makala haliwi hata hivyo, tumeelewana?

Mama_wa_Nguba
Saa kumi alfajiri. Mara ya kwanza amekula mililita 2, nyingine zote ziko kwenye gauni langu. Mara ya pili 4. Anasaga meno, sijui ni hasira ama ni maumivu. Mume wangu ndiye alimshika taulo, yule yule aliyesema niache.

Simbilisi_Iringa
Salamu kutoka Iringa, Tanzania. Sisi huku tunawaita simbilisi na tunawafuga wengi, mimi nina zaidi ya arobaini. Dada, naona hakuna aliyegusa vitamini C. Simbilisi ni kama binadamu, mwili wake hauitengenezi. Akiugua anaimaliza haraka, fizi zinauma, viungo vinavimba, na hapo hata ukimpa chakula kizuri hatatafuna.

Mimi nafanya hivi: kidonge cha miligramu 500 cha kawaida (si kile kinachotoa povu), nakisaga, nakiyeyusha kwenye mililita 50 za maji safi. Kila mililita ina miligramu 10. Wa gramu 600 nampa mililita 2 hadi 3 kwa siku kwa bomba. Kesho yake namwaga na kutengeneza upya, maana inaharibika. Usiitie kwenye chombo chake cha kunywea, ladha ikibadilika ataacha hata maji.

Akianza kula mwenyewe, pera. Kipande cha pera lililoiva kina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Na pilipili hoho.

Vet_wa_Kesho
Hapo nakubaliana na Iringa mia kwa mia. Mapera huko kwetu yanaanguka bure. Majani ya viazi vitamu, matembele, pia ni mazuri. Ila mama, watoto wanapokata majani: sombe (majani ya muhogo) mbichi hapana, majani ya viazi vya kizungu hapana, na avoka hapana, si tunda, si jani. Najua avoka ziko kila kona, ndiyo maana nasema.

Kusaga meno kwa nguvu akiwa amejikunja mara nyingi ni maumivu. Mwambie docta, kuna dawa ya maumivu kwa ajili yao, meloksikamu, yeye ndiye ataweka kipimo. Dawa za maumivu za watu ulizo nazo nyumbani, ziache zilipo.

Mama_wa_Nguba
Nimerudi kwa docta na karatasi ya uzito. Safari hii alinikalisha. Aliniuliza nani kanifundisha kuandika uzito kila siku, nikasema ni watu sijawahi kuwaona. Ameongeza dawa ya maumivu siku tatu. Alimfungua mdomo akaangalia meno ya nyuma na tochi, akasema hayajarefuka, kwa sababu yakirefuka yanafunika ulimi na mnyama anakufa njaa mbele ya chakula. Sikujua hata kama dende ana meno ya nyuma.

Uzito leo: 574.

Sikulala vizuri. Nimelia jikoni, halafu nikajicheka: mtu mzima, vita na bei ya unga sijalia, nalilia dende.

Shangazi_Kabare
Lia tu mwanangu. Dende ndiye mnyama wa kwanza mtoto wa kwetu anapewa awe wake. Mimi wa kwanza nilimnunulia daftari baada ya kuuza watoto wake. Halafu sikiliza, Chumvi umemweka wapi? Usiwatenganishe kabisa. Dende peke yake anaumia na upweke hata kama hana ugonjwa.

Mama_wa_Nguba
Nimeweka waya katikati ya sanduku, wanaonana na kunusana.

Simbilisi_Iringa
Kuna jambo lingine, msicheke. Mimi antibiotiki ikimvuruga tumbo, nachukua mavi mabichi ya simbilisi mzima, nayaloweka kwenye maji kidogo, nachuja, nampa mgonjwa mililita moja, saa mbili mbali na dawa. Yanarudisha vijidudu vizuri.

Mwana_Kadutu
Nimecheka.

Vet_wa_Kesho
Cheka ila ni kweli, tunaisoma darasani. Lakini mavi yatoke kwa mnyama mzima kabisa, na Chumvi amelala chumba kimoja na mgonjwa. Ngoja kwanza.

Mama_wa_Nguba
Siku ya saba. Samahani kwa kimya, hapakuwa na umeme wala mtandao.

574, 575, 583, 601. Binti anaandika nyuma ya daftari la hesabu, amechora hadi mstari unaopanda. Juzi usiku Makala alishika seringi na meno akaivuta. Jana alikula jani moja la tembele, polepole kama mzee, tukakaa watu wanne tunamtazama hadi likaisha. Mavi yamerudi manene. Leo asubuhi nimegusa mfuko, nikasikia filimbi. Ilikuwa dhaifu, imekatika katikati, lakini ilikuwa yenyewe.

Uji bado nampa mara tatu. Dawa bado siku tatu, na sitakata hata moja. Sungura wamehamia kwa kaka, hakufurahi.

@Mwana_Kadutu nilipiga hesabu yako. Ni kweli, ningepata watano.

Mwana_Kadutu
Mama, mimi nilishatenganisha banda langu juzi. Usimwambie mtu.

Mama_wa_Nguba
Naomba jambo moja kabla betri haijaisha: Chumvi amepiga chafya mara mbili asubuhi hii. Pua kavu, anakula. Nimpe ile dawa iliyobaki ya Makala?

Vet_wa_Kesho
Hapana, hiyo ni ya Makala hadi siku ya kumi, na ukigawa hakuna atakayemaliza. Mtie kwenye mizani sasa hivi, uandike. Kesho saa hii hii tena. Angalia nyasi zao kama zina vumbi. Akishuka gramu 30, ao ute ukionekana, kikapu na moto moja kwa moja kwa docta.

Mama_wa_Nguba
Chumvi: 655. Imeandikwa.