Naombeni ushauri: Nataka kwenda Hakuba Cortina, Japani, kuteleza kwa ski msituni

Mnyalu wa Munich

Wakuu, habari za majukumu.

Niende moja kwa moja kwenye mada. Natokea Iringa, naishi Munich, na majira ya baridi ya huku yamenifundisha ski hadi sasa njia nyekundu za Austria, zile za ugumu wa kati, nashuka nikipiga mluzi. Nyeusi, zile ngumu zaidi, nashuka pia, ila nikiwa nimekaza meno. Kinachonichosha ni kwamba njia zote zimeshindiliwa na mashine usiku kucha, asubuhi ni ngumu kama lami, na ukitamani kuingia kwenye miti karibu na lifti za kupandishia watelezaji mlimani, sheria yao ya misitu inakukataza.

Sasa kuna jamaa kazini kanipa habari za Hakuba Cortina, mkoa wa Nagano. Anasema theluji ni unga mtupu, inafika magotini, na wenyewe wanakuacha uingie msituni kwa hiari yako. Nalenga Januari. Nahitaji kujua wakati mzuri ni upi hasa, nibebe ski zangu au nikodi, na je, mtu wa kiwango changu ataiweza hiyo miti au nitakwenda kuaibisha mkoa?

Waliowahi kufika nawasubiri. Wa kunicheka nao karibuni, najua mpo.

Kiberenge

Umeikimbia baridi ya Mafinga ukaikuta ya Ujerumani, sasa unaitafutia nauli ya kuifuata Japani. Haya, nimekaa pembeni nasoma.

Mzee wa Yokohama

Mkuu karibu Japani. Mimi niko kwenye biashara ya magari, na msimu ukikolea huwa tunapanda Hakuba na wenzangu wa kazini.

Kabla ya ski, viza. Kama bado una pasipoti ya Tanzania, kibali cha ukaazi cha Ujerumani hakikuvushi mpaka wa Japani. Utaomba viza huko huko unakoishi, na watataka ratiba, mahali pa kulala na uthibitisho wa fedha. Usilipe chochote kisichorudishwa kabla hujaipata.

Ukishatua Tokyo, panda Shinkansen, treni ya mwendo kasi, hadi Nagano, ni saa moja na nusu hivi, kisha basi hadi Hakuba, saa moja na kidogo. Cortina yenyewe haiko Hakuba mjini, iko kijiji cha Otari, kaskazini mwa bonde. Mizigo mikubwa usihangaike nayo kwenye treni. Pale uwanja wa ndege kuna kaunta za wasafirishaji, mojawapo ina nembo ya paka mweusi aliyebeba mtoto wake mdomoni. Unaacha begi la ski hapo, linakufuata hotelini. Kawaida linafika kesho yake, kwa hiyo nguo za kulalia baki nazo.

Dada Otari

Nimefanya kazi za msimu kwenye nyumba ya wageni bonde hilo, ngoja nikueleze kwa kituo.

Theluji ya pale inatokana na upepo mkavu wa Siberia. Unavuka Bahari ya Japani, unabeba mvuke, ukigonga milima unaumwaga wote. Cortina iko upande unaopokea mapema, ndiyo maana inaweza kunyeshewa vizuri siku ambayo Happo-one au Goryu, vituo vingine vya ski vya bonde hilo, wamepata kidogo. Katikati ya Januari hadi katikati ya Februari ndiyo roho ya msimu. Sikukuu za mwaka mpya zikwepe, na ikibidi epuka wiki ya mwaka mpya wa Kichina. Machi usiitegemee, mlima si mrefu, jua likiwaka unga unageuka uji.

Siku ya wiki ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Jumamosi theluji ikiwa imeanguka usiku, wenyeji wanapanga foleni kabla lifti haijawashwa, na ikifika saa tano asubuhi kila pengo kati ya miti lina mistari. Nenda Jumanne au Jumatano. Nauli ni ile ile, raha si ile ile.

Kuhusu kiwango chako: unaiweza, ila usianze na miti. Asubuhi ya kwanza teleza pembeni mwa njia zilizoshindiliwa, pale unga ulipobaki. Utagundua ule mtindo wa kuegemea ski ya nje unakuzamisha. Kwenye unga miguu inakaa karibu, uzito unagawana kote kuwili, na mwendo unauhitaji. Ukiogopa ukakaa nyuma, mapaja yatawaka moto kabla ya chakula cha mchana. Ukishauzoea ndipo uingie msituni, na humo macho yanatazama mapengo. Ukikodolea mti, mti utaupata.

Theluji ikimwagika sana, mteremko wa wazi unakuwa mweupe juu, chini na kando, hujui hata kama unasogea. Msituni vigogo vinakupa kipimo. Siku mbaya ya wengine ndiyo siku ya Cortina. Chukua miwani yenye kioo cha mwanga hafifu, kile cheusi cha jua kitakaa begini.

Ski kodi hapo hapo, zenye upana wa zaidi ya milimita 100 chini ya buti. Buti beba zako, miguu mikubwa inapata shida madukani.

Mkamba Mtembezi

Nimepita tu kuwakumbusha kuwa bonde hilo Mkenya alishalifungua kitambo! Philip Boit, Olimpiki ya Nagano 1998, ski za masafa, kilomita 10, hapo hapo Hakuba. Alimaliza wa mwisho, na Bjørn Dæhlie wa Norwei aliyeshinda dhahabu akamngoja mstarini amkumbatie. Boit akaja kumpa mwanawe jina la Dæhlie. Kwa hivyo Mnyalu, hata ukimaliza wa mwisho uko sawa.

Mnyalu wa Munich

Dada Otari, ubarikiwe. Mzee wa Yokohama, shikamoo, la viza nilikuwa silijui kabisa.

Swali moja: nitakuwa peke yangu. Nikiwa na helmeti na simu, si inatosha?

Dada Otari

Haitoshi. Hapa nitakuwa mkali kidogo.

Theluji ikirundikana, chini ya mti panabaki shimo lisiloonekana, hasa ile yenye matawi ya chini. Ukiingia kichwa mbele, theluji inakufunika na mikono haina pa kusukumia. Simu iko mfukoni, unaifikiaje? Anayekuokoa ni mwenzio aliyekuona ukitumbukia, na hapo tunazungumzia dakika. Kwa hiyo msituni mnakuwa wawili au zaidi, mnaonana au kusikiana, kila mmoja na filimbi karibu na mdomo. Vitanzi vya fimbo vitoe mkononi. Ukihisi unaanguka, shika tawi, na uso ukinge ubaki na nafasi ya hewa. Chini bondeni kuna vijito vilivyofunikwa, theluji juu maji chini, usikate njia ya mkato kurudi kwenye lifti.

Halafu kamba. Kuachiwa miti hakumaanishi mlima wote ni wako. Ukivuka kamba ya mpaka umeingia kwenye hatari ya maporomoko, na gharama za kukutafuta utaletewa wewe. Soma bima yako kama inagusa nje ya njia, nyingi hazigusi.

Bonde lina waongozaji wengi wanaozungumza Kiingereza. Chukua kikundi cha siku moja. Utapata mafunzo, na mara nyingi utapata wenzako wa siku zilizobaki.

Pwani Moja

Kama ni Muislamu mwenzangu, angalizo: kari yenye kipande cha nyama ya kukaanga inayouzwa kwenye migahawa ya mlimani kwa kawaida ni nguruwe, na supu nyingi za rameni, zile tambi zao, vilevile. Nilijishindia onigiri za samaki, yale matonge ya wali.

Mnyalu wa Munich

Mkristo, lakini asante ndugu. Basi kikundi cha waongozaji nakilipia. Nilale hoteli ya pale chini ya lifti au Hakuba?

Mzee wa Yokohama

Hoteli ya Cortina inakutoa mlangoni hadi kwenye lifti, na ina bafu la maji ya moto ya asili. Unaingia bila nguo, baada ya kujisugua vizuri kwanza, na kama una tatuu uliza kabla. Ila jioni hapo hakuna pa kwenda. Mimi nakaa Hakuba, napanda basi la asubuhi. Ukifanya hivyo piga picha ratiba ya basi la kurudi, maana lifti zikifungwa jioni watu wote wanalikimbilia hilo hilo.